Louise Farrenc na Ujira wa Aina Tatu



Mwezi wa Novemba Mama Kanisa hutualika kuwakumbuka marehemu wetu, na tarehe 22 ya mwezi huohuo wanakwaya wetu humshangilia Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa muziki. Mambo haya mawili, kumbukumbu na muziki, ndiyo yaliyotuongoza juma hili kuwasimulia habari za mwanamke mmoja Mfaransa wa karne ya 19. Jina lake ni Louise Farrenc. Alikuwa mpiga piano, mwalimu na mtunzi, na kwa miaka mia moja baada ya kifo chake ni wachache mno waliolitamka jina hilo.

Hatumleti kwenu kama mtakatifu wa kuombwa, wala tafakari hii si mahubiri. Tunamleta kama mfanyakazi. Maana kuna swali ambalo huletwa kwetu mara kwa mara, kwa kawaida kwa sauti ya chini, na aghalabu na akina mama. Mwalimu wa kwaya huuliza, mwalimu wa chekechea huuliza, hata mama anayeshona mavazi ya ibada huuliza: Je, mtu anayeipenda kazi yake, na anayeifanya kwa moyo, ana haki ya kudai ujira? Au kudai ni kuutia doa upendo wenyewe? Maisha ya Louise Farrenc yana jambo la kutufundisha kuhusu swali hili, na ndiyo sababu tunaomba mtuvumilie tuyasimulie kwa utulivu.

Alizaliwa Paris tarehe 31 Mei 1804, akiitwa Jeanne-Louise Dumont. Huo ndio mwaka ambao Papa Pio VII alisafiri mpaka Paris, na Napoleon akajivika taji la ufalme mbele yake katika kanisa kuu la Notre-Dame. Nyumba ya akina Dumont ilikuwa nyumba ya wachongaji wa sanamu kwa vizazi kadhaa. Baba yake, Jacques-Edme Dumont, alikuwa mchongaji. Kaka yake Auguste, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu, naye akawa mchongaji. Binti huyu alikua akiwaona watu wazima wakiamka asubuhi kwenda kupambana na mawe magumu, nyundo mkononi, siku baada ya siku, mpaka umbo litokeze. Pengine hapo ndipo alipopata ile tabia ya kazi iliyomsindikiza maisha yake yote.

Yeye hakushika nyundo, alishika piano. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Cécile Soria, aliyewahi kufundishwa na Clementi. Alipofika umri wa miaka 15 wazazi wake walimpeleka kwa Anton Reicha, mwalimu wa utunzi aliyetoka Bohemia na kuweka makazi yake Paris. Reicha ndiye aliyewafundisha pia Berlioz, Liszt na Franck, majina ambayo yeyote aliyewahi kufungua kitabu cha historia ya muziki ameyakuta. Kwa hiyo Louise alinywa katika kisima kilekile walichonywa wakubwa hao. Tofauti ni kwamba darasa la utunzi katika Conservatoire, chuo cha muziki cha taifa pale Paris, lilikuwa la wanaume peke yao. Masomo aliyapata, mlango rasmi haukufunguliwa.

Hapa inafaa tutazame kidogo yaliyowapata watoto wawili wa nyumba moja. Mwaka 1823 kaka yake Auguste alishinda tuzo kubwa ya serikali iliyoitwa Prix de Rome. Tuzo hiyo ilimpa msanii kijana nafasi ya kwenda kuishi na kujiendeleza Roma kwa miaka kadhaa kwa gharama ya serikali. Tuzo hiyohiyo ilikuwa na tawi la muziki, lakini wanawake hawakuruhusiwa hata kuingia kwenye mashindano mpaka mwaka 1903, na mwanamke wa kwanza kuishinda kwa utunzi, Lili Boulanger, aliipata mwaka 1913. Louise alikuwa amekwisha kuzikwa yapata miaka arobaini. Baba mmoja, mama mmoja, meza moja ya chakula. Lakini kijana alipewa nauli ya Roma, na binti hakupewa hata fomu ya kuomba.

Hata hivyo hatusomi popote kwamba aliketi kulalamika. Mwaka 1821, akiwa na miaka 17, aliolewa na Aristide Farrenc, mpiga filimbi kutoka Marseille aliyemzidi umri kwa miaka kumi. Walisafiri pamoja wakipiga muziki mijini. Baadaye Aristide, aliyechoshwa na safari, alifungua nyumba ya uchapishaji wa muziki pale Paris, na miongoni mwa kazi alizozichapisha zilikuwemo za mke wake. Tunapenda kusimama kidogo kwa mume huyu. Katika zama ambazo mume aliweza kumwambia mkewe afunge piano na kubaki jikoni, yeye alitumia duka lake, wino wake na marafiki zake ili sauti ya mkewe isikike. Wanandoa wanaotusoma watajua wenyewe la kuchukua hapo.

Mwaka 1836 mtunzi Mjerumani Robert Schumann aliuandika kwa sifa, katika gazeti lake la muziki, utunzi wa Louise uliojengwa juu ya wimbo wa Kirusi. Kisha akatunga mazoezi 30 ya piano yanayopita katika ngazi zote za sauti, kubwa na ndogo, na mwaka 1845 Conservatoire ikayaingiza katika madarasa yake. Ndugu zetu wapiga kinanda wanajua mazoezi maana yake nini: ni kazi isiyopigiwa makofi, ambayo bila hiyo hakuna makofi.

Tufike sasa kwenye ujira wa kwanza, ule wa mkono, yaani fedha.

Mwaka 1842 Louise Farrenc aliteuliwa kuwa profesa wa piano katika Conservatoire. Katika karne nzima ya 19 hakuna mwanamke mwingine aliyeshika kwa kudumu nafasi ya ngazi hiyo katika kufundisha ala pale chuoni. Alifundisha darasa la wasichana, kwa kuwa wasichana na wavulana walitengwa, na wanafunzi wake walishinda zawadi za chuo mwaka baada ya mwaka. Lakini mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa maprofesa wanaume waliofanya kazi ileile. Hali hiyo ilidumu miaka minane.

Kisha ukaja mwaka 1850. Louise alikuwa ametunga muziki wa ala tisa: fidla, viola, selo, besi kubwa, filimbi, obo, klarineti, honi na basuni. Si kazi nyepesi kuzikutanisha ala tisa zenye sauti tisa tofauti bila moja kuimeza nyingine. Yeyote aliyewahi kuongoza kwaya yenye soprano wengi na tena mmoja anatuelewa. Mwalimu wake Reicha alikuwa bingwa wa muziki wa ala za kupuliza, na mwanafunzi alikuwa amelishika somo. Katika onyesho la kwanza, fidla ilipigwa na Joseph Joachim, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20 na ambaye baadaye angehesabiwa miongoni mwa wapiga fidla wakubwa wa Ulaya. Watu walifurahi sana. Jina la Louise likawa midomoni mwa wapenzi wa muziki wa Paris.

Mwezi Novemba wa mwaka huohuo akachukua kalamu, akamwandikia mkuu wa chuo, mtunzi Auber. Barua yake ilikuwa ya adabu, na hoja yake ndiyo iliyotufanya tumpende. Aliomba alipwe sawasawa na wenzake wanaume wa cheo kilekile. Na sababu aliyoitoa, ukiacha suala la fedha, ilikuwa hii: kama yeye hapati kile wanachopata wenzake, watu wanaweza kudhani kwamba hakuifanya kazi aliyokabidhiwa kwa bidii na uangalifu unaotakiwa. Auber alikubali, na mshahara wake ukalinganishwa na wa wenzake.

Tuitafakari hoja hiyo, maana ina kina. Louise hakusema kwamba ana njaa, ingawa kuwa na njaa si aibu. Hakumchongea profesa mwenzake yeyote. Hakutishia kuacha kazi. Alisema tu kwamba ujira pungufu ni ushahidi wa uongo. Unamshuhudia mfanyakazi mwaminifu kwamba si mwaminifu. Anayepita nje akisikia kwamba fulani analipwa nusu, atasema moyoni, basi bila shaka anafanya nusu. Kumbe anafanya kazi nzima, pengine na zaidi! Kwa hiyo kumlipa mtu pungufu si kumpunja mfuko wake tu. Ni kumvunjia jina lake.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mnyenyekevu hadai. Fundisho hilo lina ukweli wake, lakini mara nyingine limetumiwa na wenye nafasi ili kuwanyamazisha wasio nayo. Miaka 41 baada ya barua ya Louise, yaani mwaka 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka wake Rerum Novarum, akafundisha kwamba ujira wa haki ni deni, wala mwajiri hajitoi lawamani kwa kusema tu kwamba mfanyakazi aliukubali ujira huo. Deni haliombwi kama sadaka. Mtu anayedai deni lake kwa ustaarabu, akiwa na kazi yake mkononi kama ushahidi, hajaukana upendo wala unyenyekevu. Unyenyekevu ni kusimama katika ukweli, na ukweli wa Louise ulikuwa kwamba kazi yake ilikuwa sawa na ya wenzake. Kwa hiyo wewe mama uliyetuuliza kwa sauti ya chini, tunakujibu kwa sauti ya kawaida: dai.

Ujira wa pili ni ule wa heshima, yaani kazi yako kupokewa na kupimwa kwa mizani ileile wanayopimiwa wengine.

Katika Paris ya siku zile, njia ya mtunzi kuelekea kwenye sifa ilipita kwenye opera. Anayetaka jina, fedha na maua alitakiwa kuandika kwa ajili ya jukwaa. Louise alichagua njia nyingine. Aliandika muziki wa ala chache, na pia simfoni, yaani muziki mrefu wa okestra nzima. Ni uchaguzi wa gharama kubwa. Muziki wa piano unaweza kuupiga mwenyewe sebuleni. Simfoni haisikiki mpaka upate wanamuziki kadhaa wakubali kukaa pamoja, ukumbi upatikane, na wakubwa wa vyama vya muziki waridhie. Kwa mwanamke asiye na opera, kila onyesho lilikuwa kupiga hodi upya.

Aliandika simfoni tatu kati ya mwaka 1841 na 1847. Ya kwanza ilisikika kwanza ugenini, mjini Brussels, mwaka 1845. Ya tatu ilipigwa Paris mwaka 1849 na okestra ya Société des Concerts du Conservatoire, chama kilichoanzishwa mwaka 1828 na kilichojulikana zaidi kwa kupiga kazi za Beethoven kuliko za watunzi waliokuwa hai. Mwanamke aliyekuwa hai kupata nafasi pale halikuwa jambo dogo.

Simfoni hiyo ya tatu tumeisikiliza mara nyingi. Padre rafiki yetu aliyekuwa masomoni Ulaya ndiye aliyetutumia, akatuambia tusisome chochote kwanza, tusikilize tu. Inaanza na obo peke yake, sauti moja nyembamba, kama mtu anayeanzisha wimbo kanisani kabla wenzake hawajamdaka. Kisha okestra inaingia, na muda si mrefu kuna mwendo wa kasi na wasiwasi ndani yake. Sehemu ya pili ndiyo iliyotukalisha kimya. Klarineti inaimba polepole, na chini yake honi na basuni zinaishikilia kwa upole kama mikono inayombeba mtoto aliyelala. Sisi si wataalamu. Tulichonacho ni muziki wa seminari na masikio ya kanisani. Lakini masikio hayo yalitosha kutambua kwamba tunasikiliza kazi ya mtu aliyejua kila ala inapumua wapi.

Heshima fulani aliipata. Akademia ya Sanaa ya Ufaransa ilimpa tuzo ya Chartier, iliyotolewa kwa muziki wa ala chache, mara mbili, mwaka 1861 na mwaka 1869. Hata hivyo simfoni zake hazikuchapishwa alipokuwa hai, wala ule muziki wa ala tisa ulioushangaza mji haukuchapishwa. Zilibaki katika maandishi ya mkono. Kazi isiyochapishwa ni kama mbegu iliyoachwa ghalani: uhai umo ndani yake, lakini shamba haliioni.

Kabla hatujafika kwenye ujira wa tatu, imetupasa kupita mahali penye giza.

Louise na Aristide walikuwa na binti mmoja, Victorine, aliyezaliwa mwaka 1826. Alikuwa mpiga piano kama mama yake, tena mwanafunzi wa mama yake, na mwaka 1844 alishinda zawadi ya kwanza ya piano katika Conservatoire. Wote waliomsikia walitazamia makubwa. Ila ugonjwa ulimshika mapema, ukamwondoa kwenye majukwaa taratibu, ukakaa naye miaka mingi. Mama aliendelea kufundisha mabinti za watu mchana, na nyumbani alikuwa na binti yake kitandani. Januari ya mwaka 1859 Victorine alifariki dunia, akiwa na miaka 32.

Tangu hapo Louise aliacha kutunga karibu kabisa. Tuzo zile mbili za Akademia zilimkuta akiwa amekwisha kuiweka chini kalamu ya utunzi. Sisi ambao kazi yetu hutupeleka mara kwa mara katika nyumba zenye msiba tumeuona ukimya wa namna hii. Kuna mama ambaye baada ya kuzika haimbi tena kwaya, na anayemsukuma arudi haraka hamsaidii. Hatuna neno la busara la kuweka juu ya kaburi la Victorine. Tunasema tu kwamba mama yake hakulazimika kumweleza mtu kwa nini amenyamaza.

Lakini tazameni alichokifanya mikono ilipokataa kuandika ya kwake. Alianza kuyaokoa ya wengine.

Aristide kwa miaka mingi alikuwa akitafuta na kukusanya vitabu na maandishi ya muziki wa zamani: kazi za piano na za vinanda vilivyotangulia piano, za watunzi kama Byrd, Frescobaldi, Couperin, Scarlatti na Bach. Wengi wao walikuwa wamesahauliwa pale Paris, ambako watu walitaka jipya la msimu. Mume na mke wakaamua kuyachapisha yote kwa mpangilio, chini ya jina Le Trésor des pianistes, yaani Hazina ya Wapiga Piano. Juzuu za kwanza zilitoka mwaka 1861, miaka miwili baada ya msiba. Mwaka 1865 Aristide naye akafariki, na zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa bado.

Fikirini hali yake. Alikuwa na umri wa miaka 60, amemzika mtoto, amemzika mume, na chuoni bado ana darasa la kufundisha. Hakuna ambaye angemlaumu kama angefunga milango ya ile karakana. Yeye aliendelea. Kulinganisha nakala moja na nyingine, kusahihisha nota moja moja, kueleza yale mapambo ya sauti ambayo wapigaji wa kizazi chake hawakujua tena kuyasoma, ni kazi ya macho na subira, isiyo na makofi hata kidogo. Tena hakuishia kwenye karatasi: aliandaa maonyesho ambamo wanafunzi wake walizipiga kazi hizo za kale mbele za watu, ili zisikike na si kusomwa tu. Aliikamilisha hazina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1870, ikafikia juzuu 23, baada ya mji wake kupita katika vita na Prussia, kuzingirwa, njaa na damu ya mwaka 1871. Karibu wakati huohuo alistaafu ualimu, akiwa ametumikia miaka 30.

Alifariki Paris tarehe 15 Septemba 1875.

Sasa tuuseme ujira wa tatu, ambao ni kumbukumbu.

Ukifika Paris, katika uwanja wa Bastille, utaona nguzo ndefu iliyozinduliwa mwaka 1840. Juu kileleni kuna sanamu ya malaika-kijana iliyopakwa dhahabu, inayoitwa Roho ya Uhuru. Sanamu hiyo ni kazi ya Auguste Dumont, kaka wa Louise. Jua linapochomoza inawaka, na watu hupita chini yake kila siku kwa maelfu. Kazi ya dada yake ililala katika makabati ya maktaba. Yeye aliyetumia miaka yake ya uzee kuwafufua waliosahauliwa, akasahauliwa mwenyewe kwa takriban karne nzima.

Katika miaka yetu ya seminari tulifundishwa historia ya muziki kwa mapenzi makubwa. Tulitajiwa Palestrina, Bach, Mozart, Beethoven, na wengine wengi. Hatukutajiwa mwanamke hata mmoja. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema na msomi, na alitupa kile alichopewa. Vitabu vyake navyo vilikuwa vimepewa na vitabu vingine. Hivyo ndivyo usahaulifu unavyorithishwa: hakuna anayekusudia ubaya, kila mmoja anapokeza kapu kama alivyolikuta, na jina lililodondoka njiani hakuna anayerudi kuliokota.

Mpaka mtu arudi. Mwaka 1980 mtafiti mmoja, Bea Friedland, alichapisha kitabu kizima juu ya maisha na kazi za Louise Farrenc. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wasomi wa Ujerumani walianza kuzichapisha kazi zake kwa uangalifu, wakilinganisha maandishi na kusahihisha nota moja moja, na okestra ya redio ya Hannover ikazirekodi simfoni zake. Kuanzia mwaka 2021 okestra ya Kifaransa, Insula Orchestra, ikiongozwa na mwanamke, Laurence Equilbey, ilizitoa upya. Leo zinapigwa katika kumbi za nchi nyingi. Mnaona jinsi mambo yalivyozunguka? Kazi ileile ya subira aliyoifanya yeye kwa ajili ya Couperin na Frescobaldi, watu wasiomjua kwa sura wameifanya kwa ajili yake. Lakini halikutokea lenyewe. Zilihitajika saa nyingi za watu walioketi na karatasi kuukuu, wakiamini kwamba ndani yake kuna mtu.

Ujira wa kwanza Louise aliudai mwenyewe, akaupata baada ya miaka minane. Wa pili aliupata nusu. Wa tatu hakuweza kuudai, kwa maana marehemu haandiki barua kwa mkuu wa chuo. Ujira wa kumbukumbu uko mikononi mwa walio hai peke yao, na ndiyo sababu tumeona vema kuyasema haya katika mwezi wa marehemu.

Wapendwa, tusiliache jambo hili Paris. Katika makabati ya kwaya zetu kuna nakala za nyimbo zilizopigwa fotokopi mara nyingi mpaka nota zimefifia, na ile kona ya juu, palipoandikwa jina la mtunzi, imekatwa au imefunikwa. Tunaimba kazi za watu kila Dominika, tunalia nazo kwenye mazishi, tunacheza nazo kwenye harusi, na hatuwajui. Baadhi yao wangali hai. Wengine ni walimu wa vijijini waliozikwa bila yeyote pale kaburini kujua kwamba wimbo ulioimbwa siku hiyo ni wao. Tunawaomba viongozi wa kwaya zetu zote, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, wakae na makabati hayo. Pale jina linapojulikana, liandikwe. Pale lisipojulikana, aulizwe mzee au bibi aliyeimba zamani, kabla naye hajaondoka. Na orodha ya majina ya watunzi marehemu iletwe ofisini, ili tuwaweke katika nia za Misa ya mwezi huu.

Kuhusu ule ujira wa kwanza, baraza la parokia litakapoketi kupanga posho za walimu wa kwaya na wa chekechea kwa mwaka ujao, tutaomba orodha isomwe kwa sauti, jina kwa jina, kazi kwa kazi, kiasi kwa kiasi. Palipo na kazi sawa na kiasi tofauti, tutaomba sababu ielezwe hapohapo mezani.

Na anayependa kuisikia ile klarineti tuliyoisimulia, aje nyumbani kwa mapadre jioni ya Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Redio yetu si mpya, lakini sauti inatoka.

Mungu awabariki nyote, na awape marehemu wetu raha ya milele.

Ni sisi, Paroko wenu.